Gari la Vipande Mia na Kumi na Saba

Siku Bwana Maboksi alipoleta choo ukweni, nyumba ilikuwa imejaa watu, na hapo ndipo mambo yalipoharibika. Aibu isiyo na mashahidi huwa haifiki mbali.

Kusema kweli palikuwa bado si ukweni. Palikuwa kwa Fundi, mzee wa bodi na rangi za magari, ambaye karakana yake ilianzia pale ukuta wa sebule ulipoishia. Wageni walikaa kwenye makochi huku wakinusa rangi. Aliyelalamika aliambiwa atoke nje, na huko nje harufu ilikuwa kali zaidi.

Jina la Bwana Maboksi alilitoa Shangazi, dada mkubwa wa Fundi, mwanamke ambaye hajawahi kumwita mtu kwa jina alilopewa na wazazi wake. Yule bwana alikuwa na duka la zawadi kwenye korido ya jengo moja kubwa, kati ya mashine ya fotokopi na fundi viatu, na kila alipokuja kumtazama Kitinda alikuja na boksi mkononi. Kitinda, binti wa mwisho wa Fundi, alifanya kazi posta, kwenye dirisha la vifurushi. Huko ndiko walikojuana: huyu anapokea mizigo, yule anagonga muhuri, mpaka mihuri ikazidi mizigo.

Sikukuu za mwisho wa mwaka zilikuwa zimebakiza wiki chache. Bwana Maboksi alifungua boksi la kwanza mbele ya mama mwenye nyumba, mke wa Fundi, akatoa mapambo ya kuning'iniza, ya kioo chembamba, kila moja na uzi wake wa dhahabu. Kulikuwa na kiazi kilichovaa miwani. Kulikuwa na samaki aliyevaa soksi, na Shangazi akauliza soksi kaivaa wapi. Kulikuwa na jino lenye taji. Chini kabisa, ndani ya karatasi laini, kulikuwa na choo. Choo cha kukalia, cheupe, mfuniko wa dhahabu, ukubwa wa yai la kuku.

"Hiki ni nini, baba?" Shangazi akauliza.

"Choo, Shangazi."

"Naona ni choo. Nauliza ni nini."

"Ni pambo. Sikukuu watu wanapenda kucheka."

"Watu gani?" Hilo lilitoka kwa Fundi, na lilikuwa neno lake la kwanza tangu mgeni aingie.

Bwana Maboksi akafikiri kana kwamba kaulizwa swali la kweli. "Hicho cha choo ndicho kinachoisha mapema kila mwaka, Mzee. Wengi wananunua kwa ajili ya mashemeji."

Kinyozi, jirani wa ukuta kwa ukuta, ambaye mkasi wake ulikuwa na kazi ndogo kuliko ulimi wake, alijikunyata kwenye kochi akicheka kimyakimya. Fundi hakucheka. Mwanaume mzima, alijisemea, ana ndevu, ana viatu vilivyopigwa kiwi, anajipatia riziki kwa kuuza viazi vyenye miwani. Halafu anataka kunichukulia mtoto.

Inafaa mjue Fundi alikuwa mtu wa namna gani. Gari likiletwa kwake, kabla hajauliza la nani, alilizunguka akiligonga kwa kifundo cha kidole, mlango kwa mlango. Bati likilia wazi, ni bati. Likiguna, basi chini ya rangi kuna puti, ule ujiuji mgumu wanaojazia mabonde wale wasiotaka taabu ya kuyanyoosha. "Puti," angesema, na kwa kinywa chake neno hilo lilikuwa baya kuliko mwizi. Watu nao aliwagonga vivyo hivyo, kwa maneno. Mchumba wa kwanza wa Kitinda alikuwa mwalimu wa michezo. Alicheka mizaha yote ya Fundi, hata ile isiyokuwa mizaha. Puti. Wa pili alikuwa karani wa bima. Siku moja wakati wa ubishi wa mpira alikubaliana na pande zote mbili. Puti tupu, mpaka kwenye chesisi.

Safari hii Kitinda hakungoja baba yake agonge. Alimfuata karakana kabla mgeni hajafika, akasimama kati ya milango miwili iliyong'olewa, akasema bila kupandisha sauti:

"Baba, huyu ni wa tatu. Wa nne simleti hapa ukamgonga. Ukimkataa huyu, nitahamia kwake, na habari zangu utazipata kwa Kinyozi kama watu wengine."

Fundi alimjua binti yake. Huyu hakuwa na puti hata punje. Akisema anaondoka, ameshafunga mizigo kichwani.

Sasa boksi la pili likawekwa mapajani mwa Fundi. Juu lilikuwa na picha ya gari dogo la saluni la zamani, lenye taa mbili za duara na mkia mrefu. Ndani hapakuwa na gari. Kulikuwa na vipande vya plastiki vya kijivu vimeshikana kwenye fremu kama mifupa ya samaki, gundi kidogo, na karatasi ya maelekezo.

"Vipande mia na kumi na saba," alisema Bwana Maboksi. "Unaviunga mwenyewe. Kitinda aliniambia gari la kwanza ulilonyoosha lilikuwa la aina hii. Hayatengenezwi tena haya, Mzee. Watu wanayahifadhi."

"Wanayahifadhi wapi?"

"Kabatini."

"Gari la kabatini," Fundi akarudia taratibu, ili kila aliyekuwepo apate muda wa kulidharau. "Nimeamka na magari, nimelala chini ya magari, mgongo umepinda kwa magari. Nikapumzike kwa kigari."

"Hicho kitakusumbua, Fundi," Kinyozi akachokoza. "Vidude vidogo hivyo vinataka macho."

Mdomo huponza kichwa, na kichwa cha Fundi kilikuwa kimeshapata moto. "Kinisumbue mimi? Mimi nimenyoosha basi lililobingirika mara tatu. Jumapili ijayo saa sita mchana hili toi liko juu ya meza hii, limeungwa, limepigwa rangi. Likinishinda, huyu bwana namwita mkwe mbele yenu wote, na siulizi swali la pili."

"Na lisipokushinda?" Kitinda akauliza kutoka mlango wa jikoni, sinia mkononi.

"Achukue maboksi yake."

Kitinda akaweka sinia mezani kwa uangalifu mkubwa, kama mtu anayeogopa asije akairusha. Bwana Maboksi hakubisha. Alisema tu, "Karatasi ya maelekezo imo ndani, Mzee. Tafadhali isome kabla ya rangi."

"Nisome karatasi nijue mlango wa gari unakaa wapi?"

Mgeni alipoondoka, karatasi ile ikatupwa. Mama Kitinda, ambaye hakuwahi kutupa kitu kilicho kipana kuliko kiganja, aliiokota akaitandika kwenye droo ya vijiko. Choo alikining'iniza dirishani, na mume wake alipouliza kwa nini, alijibu kwamba kinashika mwanga vizuri.

Wiki ile Fundi alifanya kazi ya watu asubuhi, na alasiri akakaa kwenye benchi na kile kigari. Alikidharau kipande kwa kipande. Usukani ulikuwa mdogo kama pete ya mtoto. Alikohoa siku ya Jumanne ukapotea, akautafuta kwa magoti nusu saa huku akiutukana. Milango ilimuudhi zaidi, kwa sababu ilikaa. Yeye alikuwa na hakika haitakaa. Hakuna mlango duniani unaokaa mara ya kwanza. Lazima uukaze, uulegeze, uuombe radhi. Hii ilikaa tu, pwa, pengo sawa juu na chini. "Uongo mwingi kwa kitu kidogo," alimwambia Kinyozi, aliyekuwa akipitia kila siku kuchukua taarifa za kupeleka kwa wateja wake.

"Kwa hiyo kinatembea?" Kinyozi akauliza. Kinatembea ndiyo sifa kubwa kuliko zote iliyowahi kutoka kinywani mwa Fundi.

"Plastiki itatembea kwenda wapi?"

Ijumaa jioni gari lilikuwa limekamilika, halina rangi tu. Fundi aliliweka juu ya kopo la rangi, akarudi nyuma hatua mbili, akafumba jicho moja. Lilikuwa lenyewe. Ule mteremko wa paa kuelekea nyuma, ambao aliwahi kuupigia nyundo wiki tatu akiwa bado na nywele. Aligeuka haraka kuhakikisha Kinyozi hayupo.

Jumamosi akaanza rangi, na hapa ndipo mjue kosa la fundi si kosa la mtu wa kawaida. Mtu wa kawaida angechukua brashi akapaka ovyo, na gari lingepona. Fundi alikuwa na utaratibu. Bodi yoyote, kabla haijapata rangi, hufutwa kwa tina, ile dawa kali ya kuyeyushia rangi, ili mafuta ya mikono yatoke. Katika miaka thelathini na mitano hakuwahi kupuliza rangi kwenye bodi isiyofutwa, na waliofanya hivyo aliwatangaza mtaani kwa majina. Basi akalowesha kitambaa safi, akalishika gari kwa mkono wa kushoto, dole gumba juu ya paa, akalifuta kwa mkono wa kulia, mbele, nyuma, ubavuni, kwa utulivu wa mtu anayemwosha mtoto uso.

Kitambaa kikanata.

Alikivuta. Nyuzi zikabaki. Alipoliachia gari, dole gumba halikutaka kuachia. Paa lilikuwa limekuwa kama ubani uliotafunwa, nguzo ya dirisha ikainama polepole, na lile teremko zuri likazama ndani ya viti. Fundi alisimama akishuhudia gari likilewa mbele yake.

Hakulia wala hakutukana. Alikaa juu ya tairi. Bati, aliwaza, unaliosha kwa tina mwaka mzima linakushukuru. Hivi ni kitu gani hiki ambacho hakiwezi hata kuoshwa?

Mke wake alikuja kumwita chakula. Alitazama gari, akatazama chupa ya tina, akarudi ndani. Alipotoka tena alikuwa na ile karatasi ya droo, ina alama za vijiko.

"'Usitumie tina ya magari,'" akasoma. "'Plastiki itayeyuka.' Wameweka na picha ya kopo, wamelipiga mkasi, alama ya X. Kwa ajili ya wasiojua kusoma."

"Mama Kitinda."

"Abee."

"Hujaona kitu."

"Mimi nimeona choo tu dirishani," alisema mkewe, akaikunja karatasi akaondoka nayo.

Alasiri nzima Fundi alifikiri. Angeweza kusema limeibiwa, lakini nani angeiba? Angeweza kusema amekataa kulimaliza kwa dharau, lakini asubuhi Kinyozi alipita akaliona, akatangaza kwamba lilikamilika Ijumaa. Kushindwa mbele ya mtu anayeuza samaki wenye soksi, hilo halikuwa na njia ya kumezeka. Aligeuza gari huku na huku, na mkono wake wenyewe ukamkumbusha. Paa lililozama, nguzo iliyoinama: maisha yake yote magari yalikuwa yakimjia hivi hivi. Hili halijaharibika. Hili limebingirika.

Basi akaingia kazini. Akavunja taa moja ya mbele. Akachomoa kioo cha mbele, akakunja bampa kwa koleo, akasugua ubavu wa kushoto kwa msasa mahali ambapo gari linaloteleza barabarani lingesuguliwa na lami. Akapaka buluu iliyochakaa, sasa kwa brashi, na kutu kidogo kwenye vizingiti. Ilikuwa kazi nzuri, mtu asimnyime haki yake. Trafiki angeliona angetoa daftari.

Jumapili saa sita nyumba ilijaa kuliko wiki iliyopita, maana Kinyozi alikuwa amenyoa vichwa vingi. Walikaa hadi kwenye mikono ya makochi. Bwana Maboksi alikuja mikono mitupu, na watu wakaona ajabu, kama wamemwona hana kofia. Kitinda alisimama nyuma ya kiti chake, waziwazi, mkono juu ya egemeo.

Fundi akaondoa kitambaa kilichofunika gari mezani.

"Magari mazima si kazi yangu," alisema. "Anayetaka jipya aende dukani. Mimi nimeliunga kama yanavyonijia. Limebingirika kwenye kona, likalala ubavu wa kushoto."

Sifa zikafunguka kama bomba.

"Mdogo wangu," akasema Shangazi, mkono kifuani, "mimi nasikia mpaka kelele za breki."

"Hapo dereva hakutoka," Kinyozi akasema kwa huzuni. "Hapo dereva ndiyo basi tena."

Mwingine akasema hata viwandani hawawezi. Mwingine akasema lipelekwe chuo cha ufundi. Fundi aliwasikiliza, na kichwa hakikumvimba. Watu hawa walikuwa wamekaa kwenye makochi yake miaka yote, wanakula kwake, na alikuwa akiwagonga sasa kwa mara ya kwanza. Waliguna mmoja baada ya mwingine. Puti. Hata dada yake, damu moja, puti.

Lakini hesabu yake ilikuwa nzuri. Bwana Maboksi akisifu, atakuwa kama wao, na hapo mwenye akili hamwozi binti yake. Mlango wa kutokea ulikuwa mmoja tu, na Fundi hakuamini kwamba muuza viazi angeuona.

"Nawe bwana wa duka," alisema. "Husemi?"

Bwana Maboksi akalichukua gari kwa vidole viwili, akainuka nalo hadi dirishani, pale choo kilipokuwa kikizunguka polepole kwenye uzi wake. Alilitazama chini. Alilitazama ubavuni. Paa alilitazama muda mrefu, akalisogeza puani, kisha akamtazama Kitinda, na Kitinda hakumsaidia kwa lolote.

"Ule msuguo wa ubavuni sijawahi kuona mtu akiuweza hivi," alisema. "Bampa pia. Lakini paa si ajali, Mzee. Paa ni tina."

Mtu fulani akakohoa.

"Tina ipi?" Fundi akauliza.

"Gari likibingirika, paa halibaki na alama ya dole gumba." Akaligeuza ili mwanga uliangukie. "Hili hapa. La kushoto. Mpaka mistari yake inaonekana."

Watu wote sebuleni, bila kuambiana, wakatazama mkono wa kushoto wa Fundi. Alikuwa ameuweka juu ya goti. Aliuacha hapo hapo, kwa sababu kuuficha kungekuwa vibaya zaidi.

"Hata mimi nililiona," Shangazi akaanza. "Nilikuwa nataka tu—"

"Dada, wewe ulikuwa unasikia breki."

Bwana Maboksi alilirudisha gari mezani taratibu. "La kwanza langu niliyeyusha boneti," alisema. "Nililificha nyuma ya kabati miaka miwili, mama asilione."

"Ulikuwa na umri gani?"

"Ishirini na tisa."

"Ishirini na tisa," Fundi akasema, na dharau ile ilikuwa ya kweli, ilitoka chini kabisa, ikamfariji. "Na ukaendelea."

"Nikaendelea."

Mama Kitinda akaja akaweka karatasi ya maelekezo mezani kando ya gari, akainyoosha kwa kiganja, akarudi jikoni. Hakuna aliyehitaji kuisoma. Kopo lililopigwa mkasi lilionekana hadi mlangoni.

Kinyozi alijikuna shingo. "Fundi, Jumapili iliyopita ulisema kitu. Mimi sikumbuki vizuri ulisemaje."

"Unakumbuka. Ndiyo kazi pekee unayoiweza."

Fundi akanyoosha mkono, akaligonga gari kwa kifundo cha kidole, kwa mazoea tu. Lilitoa mlio mdogo wa plastiki usiomwambia chochote. Alitafuta kichwani njia ya kutokea, akazunguka kuta zote nne, akarudi pale pale. Watu ishirini walikuwa wameiona ile tina na kuiita breki. Mmoja alikuwa ameiita tina. Na yeye mwenyewe, Fundi wa bodi, miaka thelathini na mitano, jana alasiri alikaa akafunika bonde.

"Mkwe," alisema, kama mtu anayetema mbegu.

Kinyozi akatega sikio kama aliyekuwa hajasikia.

"Nimesema mkwe. Mnataka niimbe? Kaa chini, unaniziba mwanga."

Bwana Maboksi akakaa. Kitinda aliweka mikono yote miwili juu ya egemeo la kiti, akainamisha kichwa, na mabega yake yakatikisika. Analia au anacheka, baba yake hakutaka kujua.

"Na hicho choo kishuke dirishani kwangu," Fundi akaongeza.

"Choo hakishuki," sauti ya mkewe ikatoka jikoni.

"Basi samaki wa soksi apewe dada yangu. Wanafanana kwa akili."

Shangazi alimchukua samaki. Akamtazama kwenye mwanga, akasema kwamba kumbe soksi iko mkiani, na hakumrudisha tena.

Watu walipoanza kucheka na kuongea wote kwa pamoja, Fundi aliinamia upande wa mkwe wake. Hakumtazama, alikuwa akitazama paa lililozama.

"Yapo mengine ya aina hii?"

"Limebaki moja, Mzee."

"Lilete." Akaivuta karatasi ya maelekezo, akaikunja mara mbili, akaitia mfuko wa shati. "Na usije ukakaa pembeni yangu kunifundisha. Takataka kama hizi hazina cha kumfundisha mtu."